Kamera Iliyoona Upande Wako wa Kushoto

Mdogo wangu mpendwa,

Nimekupigia simu mara nyingi tangu urudi Tororo, ng'ambo ya mpaka, kwa mume wako. Inaita mpaka inakatika. Sikulaumu. Ninakuandikia hapa, kwenye ukurasa wa studio yangu mtandaoni, ambapo Malaba nzima ikitaka itasoma, kwa sababu hapa ndipo nilipokukosea. Nilisita sana kabla ya kuandika. Niliogopa kwamba barua yenyewe itakuwa kosa la pili, kukuanika tena mbele za watu. Nikamuuliza shangazi yetu wa Angurai, akaniambia, "Kosa ulilifanya sokoni, usiende kuombea msamaha jikoni. Ila jina lake usiliandike." Basi jina lako silitaji. Langu linajulikana, limeandikwa juu ya mlango wa studio.

Unakumbuka siku nilipoleta nyumbani kamera yangu ya kwanza? Ilikuwa ya mtumba, mpini wake umebanduka mpira, na mwenye kuniuzia alinionya kwamba kifuniko cha betri hakishiki vizuri. Wewe ndiye uliyekifunga kwa utepe mweusi wa fundi umeme. Halafu ukakaa juu ya kreti la soda nyuma ya nyumba ya mama kule Moding, mchana kutwa, nikijifunza kwa uso wako. Jua likihama, nasi tunahamisha kreti. Picha hamsini za kwanza ziliharibika zote, nyingine nyeusi, nyingine nyeupe kama unga. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Lakini kila nilipoinua kamera, ulikuwa unageuka kidogo na kuniambia, "Dada, unajua upande wangu."

Nilijua. Upande wako ni wa kulia. Kushoto, kuanzia chini ya sikio kushuka shingoni hadi begani, una kovu la maji ya moto tangu utotoni. Kwa miaka yote hii sikuwahi kukupiga kutoka kushoto. Wapiga picha wengine walikuwa wanakuambia, "Geuka hivi, mrembo," na wewe unaganda. Mimi sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwa najivunia jambo hilo, kwamba mimi ndiye mpiga picha wako.

Sasa nikueleze habari ya ile kamera mpya, maana ndipo mambo yalipoanzia.

Unajua kazi ilikuwa imepungua. Kamera yangu ya zamani ina megapikseli kumi na mbili. Kwa picha za pasipoti na za vitambulisho inatosha kabisa. Lakini maharusi wa siku hizi wanataka picha ya ukutani, kubwa kama mlango. Mama mmoja wa Mundika alinirudishia picha ya mwanawe, akaiweka juu ya kaunta na kusema, "Madam, ukiiangalia karibu mtoto anakuwa vigae." Alikuwa na haki. Na kijana aliyefungua studio karibu na kituo cha malori alikuwa na bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ya megapikseli arobaini na tano. Harusi tatu nilizozitarajia zilienda kwake. Nikawa silali vizuri. Nikiamka nakumbuka ile kamera yake.

Kuna mzee ana duka la kamera kule Busia mjini. Nilimwendea mara nne bila kununua kitu. Mara ya tano akacheka, akasema, "Boss lady, usiwe unaangalia tu. Chukua bodi hii wikendi mbili, lenzi zako zinaingia. Ukiipenda tutaongea. Ukiikataa, rudisha ikiwa safi."

Wikendi ya kwanza ilikuwa harusi yako.

Asubuhi ile, kabla ya kwenda kanisani, nilikukuta chumbani kwa mama, mpambaji anakupaka vipodozi shingoni kwa sifongo, tabaka juu ya tabaka. Gauni ulilichagua la kola ndefu ya lesi. Ulinitazama kwenye kioo ukatabasamu. Ukaiona kamera mpya. "Hiyo ni ya nani?" ukauliza. Nikakwambia ni ya kujaribu, inaona mpaka nyuzi za nguo. Ukasema lilelile la siku zote, "Dada, unajua upande wangu."

"Najua, tulia," nikajibu. Nilikuwa natazama skrini.

Mchana, baada ya ibada, mlisimama nje wewe na mume wako mkisalimiana na watu. Upepo ulikuwa mkali. Nilikuwa upande wako wa kulia, mahali pangu, lakini jua lilikuwa kushoto, nikataka kuona bodi ile ingefanya nini na jua la ubavuni. Nikazunguka. Mdogo wangu, sikusahau. Ningeweza kukuambia kwamba nilisahau kwa shughuli nyingi, ungeniamini. Nilikumbuka, nikazunguka hata hivyo. Upepo ukaivuta kola, ukacheka na bibi mmoja, nikabonyeza.

Jumapili nikaifungua picha hiyo kwenye kompyuta. Nikaivuta karibu, na karibu tena, haikuvunjika. Niliona kope zako moja moja. Niliona uzi uliochomoka kwenye lesi. Na chini ya sikio, vipodozi vikiwa vimefutika kwa jasho, niliona kovu lote, mikunjo yake, mng'ao wake, mahali ngozi ilipojivuta ikashikana. Sikuwahi kuliona hivyo, na tulilala kitanda kimoja mpaka nilipomaliza shule. Ungetarajia nifunge kompyuta. Mimi nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeona mashine inafanya kazi. Nikakata kipande kile, kutoka taya hadi bega, nikakiweka sambamba na picha ya zamani, nikaandika, "Tofauti mjionee wenyewe," nikakituma kwenye grupu yetu ya wapiga picha. Halafu nikakiweka hapa kwenye ukurasa.

Walishangilia. Mmoja akaandika, "Hiyo inaona mpaka dhambi!" Mwingine, "Hiyo si kamera, ni daktari wa ngozi." Nilicheka nao. Mwingine akauliza kovu lile ni la nini. Nikajibu kwa maneno matatu: "Maji moto, utotoni." Kama ninayemzungumzia mteja nisiyemfahamu.

Jumatatu ulinipigia. Sauti yako ilikuwa ya chini.

"Dada, toa ile picha."

"Uso hauonekani," nikakwambia. "Hakuna atakayejua ni nani."

"Gauni linaonekana. Mama mkwe ameonyeshwa kwenye simu ya jirani. Amenijia nayo jikoni ananiuliza, 'Huyu si wewe?'"

Nikakuahidi nitaitoa. Sikuitoa Jumatatu. Watu wawili walikuwa wameniuliza kazi kupitia picha hiyo, mmoja wa harusi kubwa mjini Busia, nikajiambia nisubiri wathibitishe kwanza. Jumanne sikuitoa. Jumatano uliniandikia neno moja tu, "Tafadhali," nikalisoma nikiwa na mteja, nikaiweka simu kifudifudi juu ya meza.

Alhamisi ukavuka mpaka, ukaja mwenyewe. Dereva mmoja wa lori alikuwa anapigwa picha ya pasipoti, ukakaa kwenye benchi ukamngoja amalize, alipe, aondoke. Ulikuwa umevaa kitambaa cha bluu shingoni. Ukakifungua mbele yangu, mchana peupe, mlango ukiwa wazi.

"Angalia vizuri," ukasema. "Huhitaji mashine."

Nilishindwa kuangalia.

"Ile siku ya wageni, birika ulilibeba wewe," ukasema. "Nilikuwa chekechea lakini nakumbuka. Sijawahi kumwambia mtu. Hata mama. Nilidhani siku moja utasema mwenyewe."

Ukafunga kitambaa chako, ukaenda.

Mdogo wangu, nilikuwa nimejisadikisha kwamba hukumbuki. Nyumbani hadithi ya kovu lako ilikuwa fupi na kila mtu aliijua: mtoto mtundu alivuta birika. Mimi ndiye niliyeitunga. Nilikuwa darasa la nne. Wageni wa baba walikuwa wameketi kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake, na pombe ile huongezewa maji ya moto. Mama akanituma na birika kutoka jikoni. Wewe ukanifuata, kama ulivyonifuata kila mahali, hata chooni. Nilikuwa nimekuambia mara mbili usinifuate. Mara ya tatu nikageuka ghafla na birika mkononi ili nikutishe. Nilitaka tu urudi nyuma. Kifuniko kikaruka.

Ulipopiga kelele, watu wakaja mbio. Jirani akakupaka ute wa yai. Mama aliponiuliza, machozi yananitoka, nilisema, "Amevuta birika." Hukuwa na pumzi ya kunikanusha. Na baadaye, ulipopata pumzi, hukunikanusha.

Baada ya wewe kuondoka niliifuta ile picha, hapa na kule kwenye grupu. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Siku tatu ulizonisihi zote zilikuwa za kitu chepesi hivyo. Najua wengine wameihifadhi kwenye simu zao. Kwa hilo sina la kufanya isipokuwa kuwaomba hapa, ninyi mnaosoma na mnayo, ifuteni.

Bado nilikuwa na ile bodi, na wikendi moja imebaki. Sikuitumia. Ijumaa nikairudisha Busia. Mzee akaikagua, akapuliza vumbi lisilokuwepo, akaniuliza, "Imekushinda?"

"Haijanishinda. Ni nzuri sana."

"Sasa mbona?"

Nikamshukuru, nikaondoka. Na sitaki ufikiri kwamba niliirudisha ili wewe unione nimetubu. Njiani kurudi nilitambua kwamba kurudisha kamera kulikuwa rahisi mno. Kamera haikuzunguka upande wa kushoto kwa miguu yake. Haikubeba birika. Na pengine siku moja nitanunua bodi kama ile, kazi ikidai, sitakudanganya. Lakini kulikuwa na jambo jingine nililopaswa kulirudisha kwanza.

Jumamosi nilikwenda Moding. Nilimkuta mama uani anabambua karanga, nikaketi nimsaidie. Tukajaza sahani nzima. Mwishowe nikamwambia yote, jinsi nilivyogeuka, jinsi nilivyodanganya. Nilitegemea anipigie kelele. Mama aliendelea kubambua karanga mbili, tatu, halafu mikono yake ikasimama.

"Kwa hivyo nilikuwa namchapa bure," akasema.

Unajua anachosema. Baada ya kupona, kila ulipokaribia jiko mama alikuzaba kofi. "Huyu hajifunzi," alikuwa anasema. "Alijichoma na bado anafuata moto." Nilikuwa nasikia. Nilikuwa nakaa palepale, naosha vyombo, nasikia. Nilikuwa nimesahau makofi yale, au nilijifanya nimesahau. Wewe sidhani.

Jioni mama aliinuka akapika. Chakula alinipakulia kama mgeni, kwenye sahani nzuri, na hilo liliniuma kuliko kelele. Kesho yake alivaa gauni lake la kanisani, akafunga karanga ndani ya leso, akaja Malaba. Nilimsindikiza mpaka karibu na mpaka. Nikataka kumbebea mzigo tuvuke pamoja. Akanikatalia.

"Wewe baki," akasema. "Hii ni yangu na yeye."

Nikasimama kando ya foleni ya malori nikamwangalia mpaka akapotea upande wa pili.

Alikaa kwako siku tatu. Sijamuuliza mlichozungumza, naye hajaniambia. Nilichompa akuletee unacho sasa: picha zote za harusi yako, kila moja, hata zilizoharibika. Sikubaki na nakala. Zitakazokuchukiza zitupe. Usiponionyesha hata moja, ni haki yako.

Jana alipita studio akirudi nyumbani. Alikaa kwenye benchi, akaomba maji, akanywa nusu kikombe. Akasema umenenepa kidogo, na kwamba mama mkwe wako si mtu mbaya. Halafu, akiwa tayari amesimama kuondoka, akasema, "Ameniuliza kama bado unafanya kazi na ile kamera ya zamani."

Moyo ulinipiga. "Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia, 'Si una simu? Muulize mwenyewe.'"

Nimekaa na simu karibu tangu jana, mdogo wangu. Sikupigii tena, nisije nikakusumbua. Ukitaka, uniulize.

Ni mimi, dada yako mkubwa,
Malaba