Mama na Mjane wa Ufaransa

Kitura, Mbinga
11 Februari 1951

Mpendwa mdogo wangu Meinrad,

Marahaba, maana najua ungenisalimu kwanza. Huko Tanga hamjambo? Mkonge bado unakuchoma mikono? Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, ukungu ukiwa mzito, lakini anakula.

Siku hizi Padre Frederick anatusimulia kitabu cha Kifaransa baada ya Misa. Ni hadithi ya mjane maskini wa shamba. Mvua ya mawe imemaliza ngano yake, ng'ombe ameuzwa, na mwanawe mkubwa ameondoka kutafuta kazi. Hadithi hiyo inanifuata mpaka kisimani. Ukungu ukishuka bondeni namwona yule mama anapanda kilima chetu, amejifunga shali, haongei na mtu. Sijui Ufaransa iko wapi, lakini naona kama imehamia hapa.

Mama ndiye amezidi. Jumapili iliyopita alimpelekea Padre kikapu cha maharage, akasema, "Baba, mfikishie yule mama. Mwambie ni ya mbegu, asipike yote." Padre alimweleza kwamba ni hadithi tu. Mama akamwuliza, kama ni hadithi tu, mbona yeye mwenyewe alikuwa anafuta macho. Padre akapokea kikapu.

Sasa habari ya shamba lako. Nyasi zimefika kiunoni na wakati wa kuchimba ngoro umekaribia. Unajua kwetu mwanamume ndiye anayezikata na kuzilaza kwa miraba, ndipo sisi wanawake tuchimbe mashimo katikati na kuzifukia kwa udongo. Jirani yetu Egidi amejitolea kuzilaza, Mama amekataa katakata. Anasema nyasi zile zina mwenyewe. Usipofika mwezi wa tatu hatupandi maharage, na akiba hatuna. Nimekukasirikia kweli, Meinrad, na kukukumbuka nimekukumbuka zaidi.

Msalimie binamu Urbani. Shangazi Tadea na wanawe wanakusalimu sana. Mungu akulinde njiani.

Nasema njiani kwa sababu hii. Leo Padre alipofika mahali yule mwana anapoanza safari ya kurudi nyumbani, Mama alisimama, akamwomba asiendelee mpaka wewe uje, tusikie wote pamoja. Padre akafunga kitabu. Watu walipotawanyika nilimfuata, nikamwuliza mwisho wake. Ameniambia: yule mwana alichelewa. Njoo upesi, mdogo wangu.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Kalista