Kamba ya Upande wa Pili

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo, baba? Huko kwenye tanuri la mikate wanakupa hata nafasi ya kulala? Mimi mzima, ila goti linajifanya mgonjwa kila nikishika ufagio.

Mvua imeliangusha lile jiwe refu kati ya yale mawe ya kale, lile ambalo ulikuwa ukimbeba mdogo wako begani ili aguse ncha yake. Miaka yote nimefagia pale, na nimelia kama nimefiwa upya. Mawe yale yamesimama tangu enzi asizozijua mtu. Hakuna mtaa uliowahi kusema ni yake. Hata wakati wa mapigano ya mitaa yetu miwili, waliokimbilia pale hawakuguswa, wawe wetu au wa mtaa wa juu.

Fundi atalisimamisha mwezi ujao. Watu watalivuta kwa mbele, na pembeni zitakuwepo kamba mbili za kulizuia lisilale. Kila kamba inazungushwa kwenye kigingi na kushikwa na mtu mmoja. Moja ikilegea, jiwe linamwangukia aliyeshika nyingine. Kwa sababu hatuaminiani, mtaa wa juu wametaka mtu wao na sisi wetu. Kwao amejitokeza mama wa yule aliyemuua mdogo wako. Kwetu kila mtu alitazama viatu vyake, nikasema nitashika mimi.

Njoo, baba. Simama nyuma yangu tu.

Mama yako


20 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi sijambo, unga umenijaa mpaka masikioni.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Yule mama alimpakulia mwanawe chakula jioni ile ile sisi tunaosha maiti. Leo unashika naye kazi moja? Waache mawe yao yalale. Sijawahi kukukatalia kitu, lakini hapo siji. Na ukiishika hiyo kamba, usiniandikie tena.

Mwanao


18 Aprili

Baba,

Salamu nyingi. Najua ulisema nisiandike, lakini ukaidi umeurithi kwangu, mwenyewe sijaumaliza.

Jiwe limesimama. Lilipofika nusu, fundi alitupigia kelele tukaze, nikamwona yule mama usoni. Nikawaza, nikifungua viganja tu, basi. Wangesema mwanamke mzee, mikono imechoka. Nilitaka, mwanangu. Naye akanitazama, akajua. Angeweza kukimbia. Akaikaza kamba yake, akafumba macho.

Nikashika. Sijui kwa nini. Sijamsamehe, usije ukadhani mama yako amekuwa malaika. Watu walishangilia, sisi wawili tukakaa chini tukalia, kila mtu upande wake. Baadaye akaja kunifunga kiganja kilichochubuka. Sikumzuia.

Nijibu, hata kwa kunigombeza.

Mama yako


9 Agosti

Baba,

U mzima? Tarishi sasa akiniona anapita upande wa pili wa barabara, maskini, anaona haya kunijia mikono mitupu. Mwambie yeyote huko aniandikie kwamba unakula.

Mama yako


2 Desemba

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Mwili wangu hauna neno, nakula.

Barua yako ya Aprili ninayo, imelowa mafuta. Kila siku nikikanda unga najiweka mahali pako. Naishika ile kamba, namwona yule mama amefumba macho. Kila mara naiachia. Nimejaribu siku niliyolala vizuri, siku ambayo sina hasira na mtu yeyote. Naiachia tu, mama, halafu naendelea kukanda.

Ndiyo maana siji. Si wewe niliyekukasirikia. Naogopa kukutana na yule mama njiani nikiwa mtu wa namna hii, nikaharibu mliyoyatengeneza.

Usinitandikie kitanda mwaka huu. Wala mwakani, nadhani. Lakini usiache kuandika. Uniambie kama mnasalimiana.

Mwanao akupendaye