Vyuma vya Meza ya Mama

Jumamosi

Bado nasikia aibu, lakini ni aibu tamu. Leo nilienda na Papa kutafuta vyuma viwili virefu vya mviringo, kama fimbo, ili meza ya kukatia sabuni ya Mama iteleze juu yake. Kukata kwa kisu kumemuharibu mkono.

Muuzaji alinisalimia "bonjour", nikajificha nyuma ya Papa. Papa alipenda vyuma vipya, vya kung'aa. "Muzee, hivi vimenyooka kabisa!" muuzaji alisema.

Nikabingirisha kimoja juu ya kioo cha meza yake, namna tunafanya ku masomo ya ufundi. Kikarukaruka. Nikamnong'oneza Papa kwa Kinande: kimepinda, meza itakwama. Niliogopa atanikaripia mbele ya watu.

Papa akacheka. "Binti yangu amekataa. Leta vile ulitoa mu amortisere ya lori."

Vile vya zamani, vilivyokuwa vinazuia lori lisitikisike, vikabingirika kimya, vyote viwili.

"Kumbe! Huyu hata bonjour ilimushinda!" muuzaji akasema.

Kesho tunafunga meza. Kama itakwama, ni mimi nilichagua, na Mama atarudilia kisu. Naogopa.

Lakini toka sokoni mpaka kwetu Keshero, Papa hakuniachia mkono.