Radiogramu Huku, Santuri Ng'ambo

Jumamosi, 1 Juni

Nimeiwasha radiogramu mapema, kama kila Jumamosi. Taa zake za ndani ni za kizamani. Hazitoi sauti mpaka zipate moto. Nimepangusa kifuniko. Nimepuliza vumbi kwenye sindano. Nimefungua dirisha la upande wa ziwa. Harufu ya mbao na ya vumbi lililopata joto. Harufu ya sebule ya baba kule Karagwe, alikoinunua kwa fedha ya kahawa, na alikotukataza watoto kuikaribia.

Mama Odeta amevuka kutoka Goma na kikapu chake. Ndani yake santuri mbili, zimefungwa kwa kitenge. Haleti zaidi ya mbili, wala haachi hata moja. Marehemu mume wake alizikusanya enzi za bendi kubwa. Volkano ilipoteremka mjini, mashine yao ilifukiwa pamoja na nyumba. Santuri alikimbia nazo kichwani. Mimi ni kinyume chake. Mashine yangu ilifika salama tuliporudi nchini kutoka Tanzania, santuri zikavunjika zote ndani ya lori. Kwa hiyo muziki wetu una nusu mbili, na mpaka umepita katikati.

Leo rumba ya polepole, kisha cha-cha. Magitaa yakijibizana bila haraka. Saksafoni ikiingia kama mgeni aliyechelewa lakini akasubiriwa. Yeye amepiga mguu sakafuni. Mimi vidole juu ya goti. Hatujawahi kucheza. Nilitaka kusimama. Sikusimama.

"Mwalimu, weye unasikilizaga muziki kama mutu iko ku misa," ameniambia.

Ameondoka mapema ili auwahi mpaka kabla haujafungwa. Nimemtilia sambaza, wale dagaa wa ziwani, kwenye kikapu. Baada ya hapo nyumba imekuwa kubwa kupita kiasi.

Jumapili, 2 Juni

Posa, kule Nyundo. Nimesema kwa niaba ya upande wa binti. Silvesta, msemaji mwenzangu, kwa niaba ya upande wa kijana. Ndivyo tunavyokutana siku zote, yeye akiomba, mimi nikikataa.

Mila yetu haimruhusu mwanamume kujiombea mke. Huombewa. Wala haiuruhusu upande wa binti kukubali papo hapo, kwa maana kukubali upesi ni kumdharau binti. Kwa hiyo hukataa kwanza. Kijana huyu hatumjui. Binti yuko masomoni. Njia mliyopita siyo. Mwombaji mwenye adabu hakati tamaa: huketi vizuri, huongeza maneno matamu, huomba tena. Ndipo tunapolegea. Tangu nistaafu ualimu, hii ndiyo kazi yangu. Mimi ni mkataaji wa heshima.

Ukumbi mzima umecheka, umepiga makofi. Nje Silvesta amenishika bega huku akifuta jasho. "Muzee, leo umekatala muzuri mpaka bwana arusi alitaka kulia."

Nimerudi nyumbani jioni. Hakuna muziki. Nimejiuliza, mimi nani ataniombea?

Jumatano, 5 Juni

Kiangazi kimeshika. Vumbi kila mahali. Nimeipaka mbao mafuta. Nimejaribu upande wa redio: mkwaruzo wa mawimbi, sauti ya habari kutoka mbali, mkwaruzo tena. Radiogramu isiyo na santuri ni kabati tu.

Nataka Jumamosi ije. Nimeyaandika hayo na sioni haya.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Ameketi kwenye kiti chake. Nimeweka santuri ya kwanza. Ilipokwisha, hakuinuka kuigeuza kama ilivyo desturi yake. Akasema kwamba Odeta, binti yake wa pekee aliyeolewa Lubumbashi, ni mjamzito wa mimba ya kwanza, na anataka mama yake ahamie huko moja kwa moja. Nyumba ya Goma ipangishwe. Tiketi ya ndege imekwisha kununuliwa. Safari ni Ijumaa, tarehe 21.

Kisha akageuka, akanitazama usoni.

"Sasa, Mwalimu, weye unasema nini? Niende ao nibakie?"

Nikasimama. Mazoea ya miaka. Nikasema kwamba mama anayeitwa na mwanawe ni mama aliyebarikiwa. Kwamba Lubumbashi ni mji mkubwa wenye barabara pana, ambao hautamkosa mtu wa kumheshimu. Kwamba mimi ni nani hata nimzuie bibi ambaye mjukuu wake yuko njiani. Kwamba radiogramu yangu iliyochakaa isiwe pingamizi. Yalikuwa maneno mazuri, yenye mpangilio. Halafu nikaketi ili nimpe zamu yake.

Hakuichukua. Aliitazama santuri ikizunguka bure, sindano ikikwaruza ukingoni mwa karatasi ya katikati.

"Bon," akasema. "Asante, Mwalimu. Umesema muzuri sana."

Santuri ya pili ameirudisha kwenye kitenge bila kuipiga. Hakungoja nitie kitu kwenye kikapu.

Jumapili, 9 Juni

Nasubiri. Atapiga simu. Atalalamika kwamba nimemruhusu upesi mno, nami nitalegea hatua kwa hatua, na mwisho nitafikia lile ninalotaka kulisema. Mazungumzo ya aina hii ndivyo yanavyokwenda.

Jumanne, 11 Juni

Hajapiga.

Nimekutana na Silvesta sokoni, mbele ya viazi vya Bugeshi. Nimemsimulia yote, na hotuba yangu nimemrudia karibu neno kwa neno, kwa fahari kidogo. Ameweka mfuko wake chini.

"Yoo! Ulimukatalia?"

Nimesema sikumkatalia. Nilianza kwa adabu tu, nikisubiri aombe tena.

"Ulimukatalia, muzee. Yule ni mama wa Goma. Kule mutu akisema enda, ni kwenda. Alikuya kujiombea ye mwenyewe, bila musemaji, na weye ukamufungia mulango na Kiswahili ya vitabu!"

Mama wa viazi amecheka mpaka mizani ikamponyoka. "Ariko weye, Mwalimu!" Nilitamani ardhi ipasuke.

Ni kweli tupu. Mwanamke alijisemea mwenyewe, akaomba kwa maneno matatu. Nami nikamjibu kama ukoo mzima.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeiwasha. Imepata moto. Viti viwili, birika, vikombe viwili. Ngurumo ndogo ya mashine isiyo na kitu cha kuimba.

Mpaka umefungwa. Nimeizima. Imechukua muda mrefu kupoa; nimeweka kiganja juu ya mbao mpaka mwisho.

Hakuja. Ninayemtamani ni yeye. Santuri ni kisingizio, na nadhani zimekuwa kisingizio tangu mwanzo.

Jumatatu, 17 Juni

Silvesta amebisha hodi akiwa amevaa koti la posa. Yuko tayari kwenda Goma kuniombea. "Niachie mimi. Nitamulainisha mpaka atakubali mbele sijamaliza chai." Nimemshukuru. Nimekataa, na safari hii ni kukataa kwa kweli. Silvesta hakuulizwa kitu. Aliyeulizwa ni mimi.

Namba ya simu ninayo. Jambo hili si la simu.

Nimekaa mezani kutunga cha kusema. Mwanzo mzuri, katikati pazuri. Nilipojisomea kwa sauti nimegundua kwamba kila sentensi ina mlango wa nyuma wa kutorokea. Nimechana.

Naona aibu. Mwanamume wa umri wangu, ajiombee. Watu niliowasimamia mbele ya mahema ya posa watasema nini? Naogopa Ijumaa kuliko watu.

Jumatano, 19 Juni

Nimevuka.

Foleni ndefu, akina mama wengi wenye nyanya na karoti vichwani. Upande wa pili, vumbi jeusi. Nyumba yake imejengwa juu ya mawe yaleyale yaliyomeza ile ya kwanza. Nimekuta masanduku mlangoni. Juu ya meza, santuri zote, safu juu ya safu. Sikuwahi kuziona kwa pamoja. Niseme ukweli: nilimwonea wivu marehemu. Miaka mingapi ya kucheza naye ile.

Amenionyesha kiti. Sikukaa, kwa kuwa ningekaa ningeanza salamu, na salamu zangu hazina mwisho.

Nikasema, "Usiende. Nataka ubaki. Nataka tuoane."

Basi. Sauti yangu ilikwaruza vibaya kuliko sindano. Hakuna aliyepiga makofi.

Akaficha mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yakimtetemeka. "Ayi, Mwalimu! Maneno yako yote iliangukia ku bariyeri?"

Nikasema ndiyo, iliangukia huko mpakani.

Kicheko kikamwisha. Akaokota santuri moja, akaifuta kwa kiganja ingawa ilikuwa safi. "Weye njo ulinielezea, Jumamosi mingi. Kwenu upande ya bibi unakatalaga kwanza, juu ya heshima. Si vile?"

"Ndivyo."

"Bon. Mi nakatala."

Nikamwuliza kama ni kukataa kwa mila au kukataa kwake mwenyewe.

"Weye njo fundi wa ile kazi," akasema, akanisindikiza hadi barabarani.

Nimetembea hadi mpakani bila kujua ni kukataa kupi. Hata sasa sijui. Wale wote niliowakatalia mbele ya mahema, nikichekesha watu, hivi ndivyo walivyokuwa ndani ya makoti yao.

Ijumaa, 21 Juni

Ndege imepita kutoka upande wa Goma, imekata kona juu ya ziwa. Huenda siyo yake. Nimesimama uani nikiisikiliza mpaka ikaisha masikioni.

Sikula.

Jumamosi, 22 Juni

Leo sikuiwasha. Nilikuwa kibarazani pale lango lilipofunguliwa, akaingia mama mmoja anayevuka kila siku na nyanya. Ni jirani yake Mama Odeta. Kichwani hakuwa na nyanya. Alibeba kikapu ninachokifahamu, na mgongoni furushi lililofungwa kama mtoto.

Nimempokea mzigo. Nimemwuliza kama amekwenda.

Amekwenda.

"Anasema mutoto wa Odeta lazima amupokee ye mwenyewe," amesema, akakunja uso ili asipoteze neno. "Na anasema amekatala mara moja tu. Kwenu munaombaga tena. Siku mutoto atazaliwa, atakuita. Ukuye Lubumbashi umuombe kule, mbele ya Odeta. Na ule Silvesta umuache hapa."

Ndani ya mzigo ni santuri zote; nimeuliza kuhusu hizo.

"Zibakie kwako. Atazikuta."

Nimemjazia kikapu viazi. Alipoondoka nimeziteremsha moja moja, nikazisimamisha kandokando ya ukuta, pasipofikiwa na jua. Ya juu kabisa ilikuwa ile aliyoirudisha kwenye kitenge bila kuipiga. Bolero.

Nimewasha. Nimesubiri taa zipate moto. Gitaa moja, kisha la pili, kisha sauti mbili za wanaume zikiimba kwa pamoja, taratibu. Dirisha wazi, ziwa limetulia. Sindano ilipofika mwisho nimeuinua mkono wake, nikaurudisha mahali pake. Upande wa pili sikuugeuza.

Kisha nimesukuma meza hadi ukutani, nikasogeza viti, nikapima kama sakafu inatosha watu wawili.

Inatosha.