Namlisha kunde apone, wifi anamletea supu kwa siri

Bi Tekla, shikamoo,

Naandika nikiwa nimekaa kaunta ya mgahawa wangu hapa Kilwa Masoko, na nisipoandika leo nitamtukana mtu. Mie nilianza na vitumbua kwenye ndoo, leo nina meza sita na wapishi wawili, sikushikwa mkono na mtu. Mume wangu, baba Imani, alikuwa na bucha, na mwezi wa tatu alianguka kwa kiharusi, mkono na mguu wa kushoto havina kazi tena, daktari akatuambia nyama, supu na ng'onda, samaki wale wa chumvi, basi, ale mboga za majani, kunde, mbaazi, choroko, chumvi kidogo na dawa kila siku, nami nikapiga hesabu nikaona wala si mzigo, kunde robo kilo mia saba, mchicha mafungu mawili mia sita, nusu nazi mia tano, nyanya na kitunguu mia tano, jumla elfu mbili na mia tatu mchana na usiku, wakati nusu kilo ya nyama peke yake ni elfu sita, na kila nikimpelekea sahani yake chumbani namwambia, baba Imani, kula, hii ya elfu mbili mia tatu ina faida kuliko ile ya elfu sita, kisha mimi na watoto tunakaa ukumbini kwenye sinia letu tunakula pilau na samaki waliobaki mgahawani, maana siwezi kumwaga chakula nilichokigharamia.

Sasa amekuja wifi yangu Salima kutoka Kinjumbi, anasema amekuja kuuguza. Siku ya kwanza tu kafunua sahani, akasema, "Wifi, haya ungempa mbuzi, mbuzi angeuliza amekosa nini." Mtaani anasema namnyima kaka yake ili nimalizie nyumba ninayoijenga. Wiki iliyopita nimeinua godoro nikakuta mifupa imeviringishwa kwenye gazeti, kumbe nikishatoka kwenda kazini anamnunulia supu. Nilipomuuliza mume wangu alinitazama, akasema, "Nusu yangu imekufa. Hii iliyobaki iache ile inachotaka."

Alipotoka hospitali presha ilikuwa 148 kwa 92. Leo asubuhi nimempima kwa mashine niliyonunua mwenyewe, 187 kwa 108. Nimfukuze wifi, au nimwache mume wangu ale anachotaka, ili akifa wasije wakasema nimemuua kwa njaa?

Mama Imani, Kilwa Masoko

Mama Imani, marahaba, na pole. Kuuguza na huku unasimangwa kwa kuuguza, hiyo ni mizigo miwili kwa kichwa kimoja.

Hesabu yako sina ubishi nayo, na chakula ulichochagua ndicho. Ulipokosea ni mahali unapoiweka sahani. Huku kwetu mtu hutengewa chakula chake akiwa mgeni, au akiwa na ugonjwa wa kuambukiza, na mumeo si mgeni. Amelala chumbani, harufu ya pilau inamfikia, anawasikia wanawe wanacheka, mbele yake kuna kunde na bei yake kashasomewa. Mtu aliyekuwa akiupimia mtaa mzima nyama, ulitaka akushukuru? Supu ya Salima inamuua, lakini inakuja na mtu anayekaa naye mpaka amalize. Wewe unaweka sahani unaondoka.

Kuanzia leo nyumba yote ile anachokula yeye, sinia moja, naye mumwegemeze kwenye mito. Mkono wa kulia bado anao. Pilau ikibaki mgahawani iuze nusu bei jioni au wape majirani, isivuke mlango wako. Habari za bei ziishie sokoni. Na uzipike hizo kunde kama unavyowapikia wateja wako, uziungie tangawizi, kitunguu swaumu, ndimu na embe bichi, ila viungo vya paketi usitie, vimejaa chumvi.

Salima usimfukuze. Anaogopa, na mtu wa pwani akiogopa hupika. Nenda naye kwa daktari, aambiwe yeye mwenyewe kwa masikio yake hiyo supu inafanya nini kichwani mwa kaka yake. Akirudi, mwachie jiko siku mbili kwa wiki, apike bila nyama, tuone ulimi wake utasema nini juu ya mikono yake.

Swali lako la mwisho ndilo lililonitia hofu. Umeniuliza watu watasema nini akifa, hukuniuliza ufanye nini na 187 kwa 108. Presha hiyo kwa mtu aliyekwisha kuanguka mara moja ni ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, na barua yako imekaa kwenye foleni yetu siku kumi na moja. Kama hujampeleka, funga mgahawa sasa hivi, umpeleke. Na kama nimechelewa, pokea rambirambi zangu, na mtu yeyote asikwambie kwamba ni kunde zilizomuua.