Jina la "Uko Fasi Gani" Sasa Ni Langu

Yaya Kalenga,

Ni mi, Fiston, mdogo wako, mtoto wa baba yako mdogo, yule uliyemwita kichwa ngumu. Leo mi ndiye fundi mkubwa wa programu yako hapa Manika. Cheka basi! Shule niliiacha njiani, lakini nani mwingine anaifufua ikikwama?

Tangu tukuzike, "Uko Fasi Gani" yako inatembea, kila mtu akiuliza mwenzake yuko wapi. Kampuni ya madini ilipomaliza kubomoa mtaa wetu, watu walitawanyika, wengine Nzilo, wengine Dilolo, na kila mtu anaandika humo alipofikia ili ndugu zake wamwone. Wamama wasiojua kusoma wanaangalia tu mchoro wako, kile kidumu cha njano. Wakikiona, wanaiambia simu bila woga wanalala wapi.

Ila yaya, na wewe umo. Nukta yako inawaka kwenye ramani, pale palipokuwa na nyumba yenu, na sasa ni shimo: "Kalenga, niko hapa." Niliifuta. Ikarudi. Na simu yako tulikuzika nayo.

Sasa sikia. Alikuja bwana wa ile kampuni, viatu vinang'aa kwenye vumbi letu, akachukua nakala ya programu. Ni haki yake. Leseni uliiandika wewe: yeyote achukue, abadilishe, agawe. Siku zile nilipokupigia kelele ulinijibu, "Acha mulango wazi, Fiston. Jina tu ndiyo tunafunga." Kumbe yeye alitaka jina na kidumu pia. Waza, yaya: wamama wawaambie waliowafukuza wamejificha fasi gani!

Wenzetu wanaoitunza programu wakafungua kanuni zako: jina haliguswi bila Kalenga kukubali. Bwana akacheka. "Kalenga yenu si alikufa? Basi ile jina haina mwenyewe."

Mama yako ndiye aliyemfunga mdomo. Siku ya kumaliza matanga, jina la marehemu linaporithiwa, alinivalisha shati lako, akanipaka pemba usoni, ule udongo mweupe, mbele ya ukoo mzima. "Kuanzia leo Kalenga ni huyu. Mwenye maneno, amuambie yeye." Basi nikamwendea bwana, kifua mbele. Kalenga ni mi, na nimekataa! Wenzetu wote wakasimama nami. Akaenda na nakala yake, akatafute jina lingine. Nilitembea Manika nzima na lile shati, yaya, ungeniona!

Nukta yako shimoni ilizimika siku ileile.

Lakini mama yako sasa ananiuliza mambo ya utoto wako, na mi namjibu. Namjibu vizuri. Sijui nayatoa wapi. Jana nilitengeneza ile sehemu ya programu iliyotushinda wote, kwanza kwenye karatasi, haraka, bila kufikiri, na nilipoangalia, penseli ilikuwa kwenye mkono wa kushoto. Mi sijawahi kuandika kwa kushoto. Wewe ndiye.

Pumzika, yaya. Nakuahidi, hakuna atakayetumia jina hili kuwawinda watu wetu, hata akinipa nyumba ya ghorofa. Ila usinisukume sana. Sogea kidogo, uniachie na mi fasi humu ndani.

Mdogo wako,
bado ni Fiston