Jemadari wa Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi
Mume wangu karudi hoi. Kutwa nzima alikuwa anatengeneza mafriji ya watu. Kala kimya, kavaa hedifoni, kashika simu, kaingia vitani kwenye mchezo wake. Eti anapumzika! Mapumziko gani yana zamu, ripoti na adhabu ya kuchelewa? Nimemuuliza. Kasema sielewi. Kweli sielewi.

Jumatano, 5 Machi
Nimepita sebuleni na beseni la nguo. Alikuwa anaongea na mwenzake wa mchezoni aliyefiwa na mama. “Pole sana, ndugu yangu. Leo usicheze. Ongea tu, tunakusikiliza.”
Mama yangu alipofariki, huyuhuyu aliniuliza kama kuna chai.
Wivu umenikaba. Heri angekuwa na mwanamke, ningejua pa kuanzia!

Alhamisi, 6 Machi
Dada kanishauri nimfichie chaja. Nimecheka. Kisha nimepakua mchezo wenyewe. Nimejiita Nyuki. Nimekufa kabla sijajua kutembea.

Jumamosi, 8 Machi
Kikosi chake kimenipokea! Wenyewe wanamwita Jemadari. Yeye sebuleni, mimi chumbani. Nimewadanganya kuwa kipaza sauti changu kibovu, kwa hiyo wao wanaongea, mimi naandika. Nimempiga risasi mtu wetu. Jemadari hakufoka. “Taratibu, Nyuki, sote tulianza hivyo.” Juzi nilipounguza kola yake kwa pasi, alininunia mpaka asubuhi.
Ila utamu wake nimeuona. Ukiokota boksi tu, nyota zinamwagika, watu wanakupongeza. Nimefua mapazia yote ya nyumba hii, nani kaniambia ahsante? Na yeye nani kamshukuru kwa mafriji? Mimi sijawahi. Nimecheza mpaka maharage yakaungua.

Jumapili, 9 Machi
Mchana. Wenzetu wameenda kula, tumebaki wawili, mimi na Jemadari, tumejificha nyuma ya ghala. Kaniuliza kama nina familia. Nimeandika: nina mume. “Mnaelewana, dada?” Nimeandika: ananilisha, ananivisha, hanisemeshi.
Kisha, polepole: “Mwambie. Huenda anaona haya. Mimi na mke wangu tumekaa kimya mpaka sijui naanzia wapi. Wewe ungependa mumeo aanzeje?”
Mungu wangu!
Simu iko mapajani, naandika humu daftarini badala ya kumjibu. Sikio moja lina hedifoni, jingine liko wazi.
“Nyuki, upo?”
Nimemsikia mara mbili — kwenye simu, na ukutani.